Juu ya Kichwa cha Mkwe

Mimi Nasma nilihamia ghorofa la Mbaruku nikiwa mtu mzima, nina mume na mabinti wawili walioolewa, na bado siku ya kwanza nilijifungia chooni nikawa navuta mnyororo maji yashuke, nangoja tangi lijae, navuta tena, mpaka mume wangu Uwesu akagonga mlango kuuliza kama tumbo linaniuma. Tumbo halikuwa na neno. Nilikuwa nastaajabu. Mtu wa Mpanda ya miaka ile ya tisini atakayekwambia hakulistaajabia ghorofa lile ni mwongo, na umwambie nimesema mimi.

Mji wetu ulikuwa wa nyumba za chini. Ukitaka kuona mbali ulipanda kichuguu. Kisha Mzee Mbaruku, aliyekuwa na duka la vitambaa na saruji, akarudi safari ya Dar es Salaam akatangaza kuwa atajenga nyumba, na juu yake nyumba, na juu ya hiyo nyumba nyingine, na zote atazipangisha. Watu walimcheka mpaka msikitini. Mafundi walipomwaga zege la juu, watu walitoka hata Mwamkulu na viazi vyao vya kuchemsha, wakakaa ng'ambo ya barabara kungoja lianguke. Jua likazama, viazi vikaisha, zege liko pale pale. Wakarudi kwao wamenuna.

Chini yalikuwa maduka, katikati nyumba mbili, juu nyumba mbili. Sakafu ya terazo, ukiipiga deki unajiona uso. Taa za jenereta jioni. Madirisha ya vioo. Lakini kwangu mimi ajabu kuu lilikuwa bomba la jikoni. Mkono wangu wa kulia ulivunjika nikiwa mtoto, ukaunga upande, mpaka leo hauinui ndoo wala mtungi. Maisha yangu yote maji yalikuwa fadhila ya mtu mwingine: mama, dada, mabinti, jirani aliye na moyo. Sasa nilifungua kwa vidole viwili yakaja yenyewe. Nililia pale jikoni, na sioni haya kulisema.

Na roshani! Nilikuwa nasimama pale asubuhi na kikombe changu, milima ya Mwese iko upande wa magharibi, ya bluu, na treni ya Tabora naiona inakuja kabla watu wa stesheni hawajasikia honi. Mwanzoni niliogopa kutazama chini. Baadaye Uwesu akawa ananiita ndani kwa chakula kama anamwita mtoto kutoka mchezoni.

Wapangaji wenzangu walikuwa watu wa kazi zao. Mlango wa kutazamana na wangu alikaa Melkiadi, karani wa benki, mseja mwenye pasi kali na maneno makali zaidi. Katikati alikaa Josefina, mkunga wa hospitali. Na mkabala na Josefina, chini ya miguu yangu kabisa, alikaa Shadrack Masele na mkewe Sikujua.

Shadrack alikuwa Msukuma, baba yake Mzee Masele alitoka kaskazini akifuata malisho na ng'ombe wake, akaweka maskani Kabungu. Kijana mwenyewe alinunua ng'ombe minadani na kuwapakia treni kwenda kuuza Dar. Alikuwa na pikapu, na alikuwa na heshima ya kupitiliza: mwezi mzima alivua viatu chini ya ngazi akapanda navyo mkononi, kwa sababu, alisema, hawezi kukanyaga kitu kilichong'arishwa hivyo. Melkiadi alimtania mpaka akachoka mwenyewe. Shadrack alitabasamu tu, akaendelea kuvua viatu.

Shida ilikuwa kwa Sikujua. Alikuwa na mimba ya tatu, na mbili za kwanza ziliharibika Kabungu, mbali na daktari. Safari hii Josefina akamwekea amri: asirudi kijijini, asibebe kitu, alale karibu na hospitali mpaka siku yake. Sikujua akakubali yote, kisha akapanda kwangu akajitupa kwenye kochi akaanza kulia.

Nikamwambia, "Mficha uchi hazai. Sema."

"Namtaka mama yangu, mama Nasma. Bila mama siwezi."

"Si aitwe aje!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Ndipo akanieleza. Kwao, mama mkwe na mkwewe hawaonani. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Hawali pamoja, hawalali chini ya dari moja, na mama mkwe hawezi kumwona mkwewe usoni, wala mkwe kumwona yeye. Si uadui, ni heshima. Mimi kwetu wakwe tunaheshimu, lakini tunakula nao pilau. Nikashika kidevu.

Shadrack mwenyewe alikuwa amejitolea kuhama akalale stoo yake ya mnadani mpaka mtoto azaliwe. Jibu la mama yake Sikujua likaja kutoka Kabungu kwa basi: mama mkwe anayemtoa mwanaume nyumbani kwake ni mchawi, na yeye Nyanzala hajawa mchawi. Afadhali abaki kijijini. Na kumtafutia chumba mtaa wa pili? Jibu likaja tena: nikilala mtaa wa pili, mwanangu akiniita nitamsikiaje?

Mzee Mbaruku ndiye aliyedhani amepata dawa. Alikuwa na chumba cha mifuko ya saruji nyuma ya duka, kina mlango wake, kinatazama uani. Akatoa mifuko, akapaka chokaa, akatandika mkeka mpya. Chumba cha peke yake, mlango wa peke yake. Nani atasema dari ni moja? Sote tulimsifu. Tulikuwa watu wa nyumba za chini bado, akili zetu zilikuwa zinatazama mbele na nyuma tu.

Nyanzala akaja. Mwanamke mrefu, mkavu, bangili za shaba mkononi, kanga moja kifuani na nyingine begani, na kifurushi. Alisimama barabarani akalitazama ghorofa kuanzia chini hadi juu, taratibu, mpaka kilemba kikamwanguka nyuma. Hakukiokota.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama, maneno niliyofundishwa na binti yake.

Akaitikia bila kunitazama. Kisha akauliza, "Hii imeshikwa na nini?"

"Nondo na saruji, mama."

"Nani aliingia ndani kuona?"

Akaingia chumbani kwake kwa nyuma, akaketi kwenye mkeka, Sikujua akaketi miguuni pake, na kwa muda tukasikia wanazungumza kwa sauti ya chini. Nikapanda kwangu nikijisifu.

Sijakaa, nikasikia kelele uani. Nikakimbilia dirisha la nyuma. Nyanzala amesimama katikati ya uwanja, kifurushi kichwani, kidole kinaelekea juu.

"Nani anatembea pale?" anauliza. "Nasema, nani anatembea juu ya kichwa changu?"

Alikuwa Shadrack. Maskini alikuwa amerudi kwake kwa mlango wa mbele, amevua viatu, anatembea kwa vidole vya miguu ili asimsumbue mkwe. Kisha, kama binadamu yeyote, akaenda haja na akavuta mnyororo. Na lile bomba kubwa la choo, Mzee Mbaruku alilipitisha ukutani, kwenye kona ya chumba kile kile. Nyanzala alikuwa ameegemea kona hiyo.

Melkiadi aliona kichekesho, akaanza kucheka dirishani kwake. Nilimtupia jicho moja akafunga kioo. Kwa maana Nyanzala hakuwa anatania. Sikujua amemshika kanga, analia, anasema, "Mayu, usiende, mayu, nitakufa," na mama naye machozi yanamtoka, lakini miguu imeshageukia barabara. Nilielewa hapo kwamba mama huyu angeondoka kweli, na binti angemfuata kwa miguu hadi Kabungu na tumbo lile, na mimba ya tatu ingekwenda kama mbili za kwanza.

Nikashuka ngazi mbio kuliko umri wangu.

"Mama," nikamwambia, "njoo ukae kwangu. Mimi niko juu kabisa. Juu yangu hakuna mtu, kuna tangi la maji na Mungu. Mkweo atakuwa chini yako wewe, sio wewe chini yake. Mlango ni wangu, dari ni yangu, chumba cha mabinti wangu kitupu."

Akafikiri. "Njia za kupanda ni ngapi?"

"Moja."

"Na yeye anapita hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Akatikisa kichwa. Na hapo Mzee Mbaruku, kanzu yake nyeupe, tasbihi mkononi, mtu ambaye wapangaji walimwogopa, akasema kwa upole, "Mama, hiyo tutailinda."

Na tukailinda. Sijui kama kuna ghorofa jingine nchi hii lililowahi kuishi namna ile. Shadrack, kabla ya kukanyaga ngazi, kupanda au kushuka, aligonga chuma cha kushikia kwa ufunguo wa pikapu: ngo, ngo, ngo. Aliye karibu alichungulia. Kama Nyanzala hayuko ngazini, aliitikia, "Pita!" Kama yuko, "Subiri!" Nyanzala naye, kabla ya kutoka mlangoni kwangu, alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa cha mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Siku moja nilimkuta Mzee Mbaruku mwenyewe amenyoosha mikono miwili kuziba ngazi, kama askari, Shadrack amesimama chini yake akitazama ukuta, huku mama mkwe anapita uani. Hata Melkiadi, yule mdomo mchafu, nilimsikia akijibu "Pita, mkwe!" kwa sauti ya adabu, kisha akakohoa kujificha.

Na ngazi zilipitwa sana, kwa sababu ya jambo ambalo sikulifikiria. Siku ya kwanza nilimwonyesha choo changu, nikavuta mnyororo kwa fahari. Nyanzala akarudi nyuma, akashika moyo, akacheka kwa mshangao kama msichana. Halafu akainama kulichungulia shimo.

"Haya maji yanakwenda wapi?"

"Chini, mama."

"Chini kwa nani?"

Yalipita ukutani kwa Shadrack. Kama mkwe hatakiwi kuwa juu ya kichwa chake, yeye naye angethubutuje kumfanyia hivyo mkwewe? Kwa hiyo alishuka uani, kwenye choo cha wapagazi wa duka, kila alipobanwa, na ghorofa zima likasimama kwenye zamu. Nilitaka kukasirika. Lakini nilimwona siku ya kwanza anavyopanda, mikono na miguu, tumbo karibu liguse ngazi, macho amefumba, anaomba kwa lugha yake. Na bado alishuka na kupanda, siku nzima, kwa ajili ya heshima ya kijana asiyemwona. Hasira ilinitoka.

Na juu kule naye alistaajabu, akanistaajabisha mimi. Nilidhani ataogopa roshani. Siku ya pili nilimkuta ameshika chuma, upepo unampiga, anatazama barabara ya mnadani ambako vumbi la ng'ombe lilikuwa linapanda.

"Nasma, nimewafuata ng'ombe tangu utotoni," akasema. "Siku zote nimeona mikia yao. Leo naona migongo yote kwa pamoja. Tazama. Tazama walivyo wengi."

Nilitazama. Mimi nilikuwa nimeona vumbi tu siku zote zile. Tukasimama pale mpaka kundi likaisha kupita, na chai yangu ikapoa.

Kwa kuwa mama hawezi kuingia nyumbani kwa mkwe, Sikujua alipanda kwangu asubuhi akalala kwenye godoro chumbani kwa mama yake, akakandwa mgongo, akapikiwa uji, jioni akarudi kwa mumewe. Akanawiri. Josefina alikuja kumpima, akiweka lile bomba lake la kusikilizia kwenye tumbo, akacheka: mapigo kama ngoma. Nikaanza kuona hatari imepita.

Ijumaa moja mchana, Mzee Mbaruku na wafanyakazi wake walikuwa msikitini, maduka yamefungwa. Josefina yuko kazini, Melkiadi benki, Uwesu amekwenda Karema kufuata samaki. Nilikuwa jikoni nikasikia Sikujua anasema, kwa sauti ndogo tu, "Mayu, nimelowa."

Ilikuwa damu. Ilikuwa nyingi, na ilikuwa inazidi. Nyanzala hakupiga kelele. Alimtazama binti yake usoni, akaona midomo inavyogeuka rangi, akaniambia neno moja: "Hospitali."

Tulijaribu sisi wawili. Yeye akashika miguu, mimi nikapitisha mikono makwapani. Mkono wangu wa kulia ukaniangusha hata mlango hatujaufikia. Nusura Sikujua aanguke kichwa. Niliulaani mkono ule kama sijawahi kuulaani. Nikakimbilia ngazini nikapaza sauti, "Nani yupo? Jamani, nani yupo?"

Kutoka chini: ngo, ngo, ngo.

Alikuwa Shadrack, amerudi kuchukua kamba za mzigo. Alisikia ukelele wangu, alijua mkewe yuko juu, na bado hakukanyaga ngazi. Aligonga, akangoja. Nikarudi chumbani pumzi imenikauka.

"Mama, ni Shadrack peke yake. Hakuna mwingine."

Nyanzala alibaki amepiga magoti. Nilimwona analipima lile jambo, na nakuapia halikuwa dogo kwake. Mimi na wewe tungesema mtu anakufa, heshima gani. Yeye heshima hiyo ndiyo iliyokuwa mwili wake. Kisha akavua kanga ya begani, akajifunika nayo kichwa chote na uso, akaifunga nyuma ya shingo. Mabega yake yakabaki wazi, akasalia na ile kanga moja ya kifuani.

"Mwite," akasema ndani ya kitambaa. "Ashike kichwani. Miguu nashika mimi. Wewe utakuwa macho yangu."

Nikamwita. Akapanda mbio, akaingia, akamwinua mkewe makwapani bila neno. Nyanzala akatangulia mbele na miguu ya binti kwapani kwake, ametazama njia asiyoiona. Mimi nikawa mbele yake, nashuka kinyumenyume, mkono wangu mzima umeshika chuma, bega langu limekaa kifuani pake kumzuia asiporomoke.

"Ngazi," nikasema. "Ngazi. Ngazi nyingine. Taratibu. Ngazi."

Yule mama aliyepanda ngazi zile kwa mikono na miguu, akiomba, sasa alizishuka kipofu na mzigo wa mtu, na hakukosea hata moja. Unyayo ulitafuta, ukapata, ukashuka. Damu ilidondoka kwenye terazo ya Mzee Mbaruku.

"Hapa pana kona. Kushoto."

Kwenye kona fundo la kifuani likafunguka. Kanga ikateleza ikashuka kiunoni. Mikono yake yote ilikuwa chini ya miguu ya mwanawe. Mkono wangu mzima ukiachia chuma tunaanguka sote; ule mwingine hauna maana. Nikanyamaza. Alihisi upepo kifuani, alijua. Na nyuma yake, ngazi mbili juu, yuko mkwewe.

"Nasma," akasema. "Mbona umenyamaza?"

"Ngazi," nikasema.

Ndipo nikainua macho kumtazama Shadrack, kwa hasira, sijui nilitaka kumfanya nini. Na nikaona. Kijana yule alikuwa amefumba macho. Amekaza kope kama mtoto anayenyweshwa dawa ya kwinini, jasho linamtiririka puani. Alipapasa ukuta kwa bega. Nilipotamka "ngazi," unyayo wake ulishuka pamoja na wa mama mkwe. Alikuwa hivyo tangu mlangoni kwangu. Ndiyo maana aliigonga fremu ya mlango kwa kiwiko, nikadhani ni haraka.

Watu wawili vipofu wanamshusha mwanamke anayetokwa damu, na macho yaliyopo ni yangu mawili tu. Nimeona umeme ukiwashwa kwa kidole, nimeona maji yakipanda juu badala ya kushuka. Hayo yalinichekesha na kuniliza. Hili sijaliona kabla wala baada. Nikasema ngazi, ngazi, ngazi, kama mtu anayesoma dua, mpaka nyayo zetu zikagusa udongo.

Nilimfunga Nyanzala kanga yake kwa mkono mmoja na meno. Akapanda nyuma ya pikapu na bintiye. Shadrack akaingia mbele, akakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikatazama mlango, akaondoa gari.

Josefina ndiye aliyewapokea. Daktari akampasua Sikujua mchana ule ule. Wote wawili wakapona, yeye na mtoto wake wa kike, mdogo, mwekundu, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mimi na Mzee Mbaruku tulisali shukrani, kila mtu kona yake. Nyanzala alibaki hospitali, akilala chini ya kitanda cha binti, na mimi nilipeleka uji nikarudi. Wodini penye watu wengi hatukuzungumza la maana.

Sikujua aliporuhusiwa, alipandishwa kwake na mtoto. Nikatandika upya kitanda cha Nyanzala, nikangoja. Hakupanda. Nikashuka nikamkuta uani, ameketi juu ya kifurushi chake, uso ukutani.

"Basi la Kabungu linaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

"Basi! Na mjukuu?"

"Sijamshika. Sitamshika." Alisema kwa utulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio. "Hospitali walinipa, nikasema wampe mama yake. Nimevuliwa nguo mbele ya mkwe wangu, Nasma. Atakuwa ananiona hivyo siku zote akitajwa jina langu. Mtu wa hivyo anakaa mbali. Hashiki mtoto wa watu."

Kabla sijajibu, lango la uani likafunguliwa. Alikuwa Mzee Masele, baba yake Shadrack, na mzee mwenzake, wanaongoza mtamba mweupe kwa kamba. Mzee Mbaruku akawaletea mkeka. Hawakuukalia. Wakasimama mbali, kwa adabu, wakizungumza na mgongo wa Nyanzala.

"Mayu," akasema Mzee Masele, "kijana wangu amepita ngazi moja na mkwe wake, wameshika mzigo mmoja. Hajaniambia zaidi, na mimi sikumuuliza. Mambo hayo hayaulizwi. Ameleta ng'ombe wa kuondoa aibu."

Nyanzala hakugeuka. "Ng'ombe ataondoa aibu. Macho atayaondoa nani?"

Wazee wakatazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa, na ubongo ukanichemka. Kijana hawezi kuzungumza na mama mkwe. Mama mkwe hawezi kumuuliza kijana. Baba haulizi. Mke alikuwa amezimia. Na mimi, ninayesema mpaka bei ya chumvi ya jirani, nilikaa na jambo hili nikidhani wote wanalijua!

"Macho yapi?" nikapaza sauti, kuliko nilivyokusudia. "Mama, yule kijana alifumba macho!"

Mgongo wa Nyanzala ukakakamaa.

"Unasema hivyo ili nisiondoke."

"Mimi nasema mengi, mama, na mengine yana chumvi. Lakini siwezi kumdanganya mwanamke mwenzangu juu ya mwili wake. Nilikuwa nawatazama wote wawili. Wewe ulikuwa ndani ya kanga. Yeye alifumba."

"Tangu wapi?"

"Tangu mlangoni kwangu. Aligonga kiwiko kwenye fremu."

"Kwenye kona je? Pale kwenye kona?"

"Kwenye kona nilisema kushoto, mkageuka nyie wote wawili. Alikuwa anafuata sauti yangu kama wewe. Hakufumbua mpaka chini, nami nilikuwa nimeshakufunga kanga."

Nyanzala aligeuka polepole, akanitazama machoni, muda mrefu, akitafuta uongo. Hakuupata, kwa sababu haukuwepo.

"Na mke wake yuko mikononi," akasema, "na ngazi zile."

"Na ngazi zile."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Mzee Masele aligeuka akatazama ukuta, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha Nyanzala akasimama, akatoka juu ya kifurushi chake, akainua kichwa kuelekea dirisha la katikati, na kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe, iliyofika mpaka roshani yangu, akaita:

"Sikujua! Niletee mjukuu wangu!"